Mwaka Gani Ulikuwa Mzuri

Saa mbili asubuhi nawapokea Chake,
wageni saba, kofia saba, chupa saba za maji,
nami na karatasi yangu ya vituo vitano:
shamba, jamvi, kiwanda cha makonyo,
chakula kwa Bi Raya, kisha bandari Mkoani.
Jina langu Shaame, nawaambia, leo mtarudi mnanukia.
Wanacheka. Hucheka hapo kila siku.

Shambani maneno nimeyahifadhi kama Alhamdu:
mkarafuu hauna haraka, miaka sita, saba, ndipo utoe;
ua likifunguka umeshachelewa,
bei imekwenda na nyuki.
Navunja jani, nalipitisha pua kwa pua.
Mmoja anasema: daktari wa meno!
Hakosekani mmoja wa daktari wa meno.

Lakini yuko bibi hasemi kitu.
Odile, kwenye orodha; umri hakuandika.
Kucha zake zina weusi usiotoka kwa sabuni,
na weusi ule naujua, mama anao.
Anatafuna karafuu mbichi, hatemi,
anafumba macho, anaisogeza shavu hadi shavu
kama mtu anayehesabu fedha gizani.

Kwa Bi Raya tumekaa mkekani,
wali wa nazi, pweza, achari ya ndimu,
mchaichai kwenye bilauri.
Mvinyo hapa hakuna, nasema, msinitafutie kesi,
na Bi Raya anacheka nasi bila kujua tunachekea nini.
Odile anaizungusha bilauri,
chai inapanda kuta zake, anaiinamia kwa pua.
Kwetu ni zabibu, ananiambia, vilima hadi vilima.
Wageni huja kwa basi, kama sisi leo,
na aliyesimama mbele na karatasi alikuwa mimi.
Walikuwa na swali moja tu, miaka thelathini.
Sasa nakuuliza wewe:
mwaka gani ulikuwa mzuri?

Jibu lipo: kila mwaka, inshallah, halafu tabasamu.
Nikalivuta. Halikutoka.

Mwaka mzuri.
Mwaka ule matawi yalivunjika kwa uzito,
skuli zikafungwa, tukapewa pakacha badala ya daftari.
Usiku tunachambua kwa mwanga wa kandili,
vidole vinawaka moto,
mama anatufinya mmoja mmoja tusisinzie.
Baba akaezua makuti, akaezeka bati,
na mvua ya kwanza juu ya bati
tukaidhania watu wanatupigia makofi.
Mwaka ule ule Ami Ngwali,
aliyekwea mti kama anapanda kitandani kwake,
alifuata kishada kilichobaki kileleni.
Kimoja.
Tulikwenda kuzika wote, hakubaki wa kuanua.
Mvua ikazikuta jamvini.
Zikapauka. Karani wa Shirika akazipekua kwa kidole,
akatikisa kichwa, akaandika daraja la mwisho.

Haya yote, kwa Kizungu changu cha vituo vitano?
Nilisema: mwaka wa bati.
Hakuniuliza bati limeingiaje.
Aliweka bilauri chini, hakuizungusha tena.

Saa tisa, njia ya Mkoani,
tunapita chini ya mti wenyewe.
Khatib dereva anaujua, hupunguza mwendo bila kuambiwa.
Wageni wanadhani ni kwa ajili ya picha. Wanapiga.
Odile hapigi. Ananitazama kwenye kioo cha dereva,
kisha anatazama juu,
kileleni hasa, mahali pale pale,
wala sikumwonesha.

Kesho wanakuja kumi na wawili.
Ofisi imenipa karatasi mpya, imeongeza kituo cha sita:
mandhari, imeandikwa, na mbele yake nukta nukta,
nichague mwenyewe mahali pa kusimama.
Nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa.
Nimeandika: pwani.
Kila mtu anapenda pwani.